Haufiki Makambako

Fundi Alois alipomaliza kuufufua msumeno wa kiwanda cha mbao
alifunga masanduku yake, akaniachia jikoni chupa moja,
ndefu, ya kijani, shingo ya korongo.
"Ya kwetu Austria," alisema kwa Kiswahili chake cha kupigilia misumari.
"Mvinyo mweupe, mbichi. Usiutunze. Unywe na chakula."
Chakula gani, hakusema. Lori lilikuwa linapiga honi.

Mimi ni mpishi. Swali likiachwa jikoni kwangu
halilali na njaa.

Jumamosi ya Machi, ukungu umekaa Njombe kama mgeni asiyejua kuaga,
nikaizamisha chupa kwenye ndoo ya maji ya kisima.
Friji ya nini? Maji ya huku yanauma meno bila kuombwa.
Kizibo cha kuzungusha, kama cha soda.
Nikanusa kwanza, ninavyonusa maziwa:
tufaha la Makete lililochumwa kabla ya siku zake,
ganda la ndimu chini ya ukucha,
halafu, kooni, pilipili manga nyeupe,
kama mtu aliyenyamaza kikao kizima
akainua mkono wenzake wakishavaa makoti.

Nilianza na pilau, kwa sababu ya heshima.
Mdalasini ukaukalia mvinyo kifuani.
Mbuzi wa kuchoma akaugeuza maji ya kunawa.
Maharage, tuyaache.
Kisha njegere changa, zimepita mvukeni tu, chumvi, siagi kidogo.
Hapo nikavuta kigoda.
Parachichi na kitunguu chembamba kama karatasi.
Viazi vya Uwemba, vikavu, vinavyolia mdomoni.
Na usipa wa Ziwa Nyasa alioleta shemeji kutoka Ludewa,
nikawavingirisha kwenye unga, nikawatosa mafutani;
usipa akaomba funda, funda likaomba usipa,
nikasahau kuhesabu.

Wendelini akaingia na matope ya mianzini hadi magotini.
"Kinywaji gani hiki kisicho na povu?"
Akaweka mbeta yake mezani kama hakimu anayeweka faili.
Glasi mbili. Moja maziwa yaliyotiwa maji,
nyingine rangi ya nyasi zilizoloweshwa.
Tukanywa huku, tukanywa kule, usipa katikati.
Mtogwa wa asubuhi ile: utamu mwepesi, uchachu kwa mbali,
ubichi uleule wa kitu kilichokatwa sasa hivi.
"Hawa ni ndugu," nikasema. "Mmoja aliolewa mbali."

Hakujibu. Aliigeuza chupa, akatafuta mwaka.
"Miaka miwili," akasoma. "Miaka miwili, na bado ni asubuhi."

Nikajua kinachomkera.
Ulanzi wake usipopata mnywaji, kesho ni mdindifu,
keshokutwa unapiganisha mashemeji,
siku ya nne ni siki ya kachumbari.
Hata ukiupakia kwenye basi la alfajiri
haufiki Makambako ukiwa uleule.
Alishajaribu. Dumu lilivimba likapasukia kwenye buti,
kondakta akamshusha pamoja na harufu yake.

"Lakini huu," nikamwambia, "tangu uzibwe
hakuna aliyeuamkia saa kumi na moja,
kuuchonga ncha kwa kisu, asubuhi na jioni."
Hakucheka. Alimaliza usipa wangu wote.

Kulipokucha sikuiona chupa.
Nilishuka mianzini kumwita chai,
na kwenye mwanzi wa tatu kutoka kijitoni,
imefungwa kwa kamba ya katani,
jani limekunjwa mdomoni mwake kuwa mrija,
chupa ya Fundi Alois, karatasi yake imelowa,
inapokea tone,
inapokea tone.

"Itajaa saa ngapi?"

"Haina haraka," akasema Wendelini, akifuta kisu kwenye suruali.
"Imezoea."